Ndoa ya Saa Tano na Basi Lililowahi

Vijana wangu, mmeniomba niwaeleze kazi ya mhudumu wa ukumbi wa ndoa kwa sababu mmeona commune, yaani manispaa, inatafuta mtu, na mnadhani ni kuvaa suti nyeusi na kusimama mlangoni. Kusimama mnaweza. Suti mtapewa, na itawabana kwapani kama ilivyonibana mimi. Mengine yote ni haya ninayoandika hapa mezani kwangu Anderlecht, Bruxelles, Ubelgiji, bila haraka, maana pensheni imenipa muda.

Anzeni na kalamu. Beba zaidi ya moja, na kila moja uijaribu asubuhi kabla watu hawajafika. Siku hizi hati yenyewe ya ndoa inakaa kwenye kompyuta, na saini mnazoona watu wakitia kwenye kitabu kikubwa ni za kumbukumbu na za picha. Lakini bwana harusi hajui hilo. Kalamu ikigoma mbele ya mama mkwe, anatoka jasho kana kwamba ndoa imekataliwa. Baada ya kalamu, leso za karatasi. Mtawapa akina nani? Wanaume. Bibi harusi amekwisha kulia nyumbani, na wanja umemgharimu, hawezi kuuchezea. Anayebubujika machozi ni baba yake, tena yule aliyeingia kifua mbele akisema yeye hana mambo ya kulia.

Mchele wa kuwarushia maharusi msiruhusu. Zamani uliruhusiwa, hadi mjomba mmoja wa Kinshasa mwenye viatu vya ngozi ya mamba aliteleza kwenye ngazi akashuka zote akiwa amekaa. Tangu hapo ni mapovu ya sabuni.

Aliyenifundisha haya alikuwa mzee Armand, mwenyeji wa Bruxelles hasa, mtu wa kuchanganya Kifaransa na Kiflemi kwenye sentensi moja na kukushangaa kwa nini hukuelewa. Nilifika kwake nikitokea Lubumbashi kupitia kazi ya kupakua mizigo, sijui hata kufunga tai. Siku zangu za kwanza nilimtoa nje mlevi mmoja aliyeingia kujipasha joto katikati ya harusi ya watu. Nilidhani nitasifiwa. Armand alitoka nje, akamshika mlevi mkono, akamrudisha, akamkalisha safu ya nyuma. Baadaye akanieleza kwamba ndoa ya serikali ni ya hadharani, ndivyo sheria inavyosema, na mlango wa ukumbi haufungwi na mtu hafukuzwi maadamu ametulia. Mlevi yule alipiga makofi kuliko ukoo mzima. Sheria hiyo ya mlango mtaikumbuka nikifika mbele kidogo.

Sasa niwaambie habari ya saa, na Wakongo wenzangu mtanisamehe. Harusi ya kwetu ikipangwa saa sita mchana, saa sita ndipo familia inapoanza kutafuta viatu. Bibi harusi bado yuko kwa msusi kule Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, na gari lililokwenda kumchukua shangazi limepotea. Ukumbi haungoji. Kila ndoa ina nusu saa yake, na nyuma yenu kuna Waflemi, Wabelgiji wa Kiholanzi, ambao wamekwisha kupanga mstari na wanatazama saa. Kwa hiyo familia za kwetu nilikuwa nikizipigia simu na kuzitajia saa moja kabla ya saa yenyewe. Ya saa sita, nawaambia saa tano. Pale commune kila mtu alijua na walinicheka, lakini mpango ulifanya kazi miaka mingi. Wakiambiwa saa tano, wanatokea saa sita kasoro, wanatweta na kuomba radhi, nami najifanya nimekasirika.

Jambo kubwa zaidi mtakalojifunza mlangoni ni kuwatazama wanasiasa. Mwanasiasa anausoma ukumbi kabla hajaisoma sheria. Ilipopita sheria ya kuwaruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuoana hapa Ubelgiji, mimi nilikuwa tayari pale na suti yangu. Sitawadanganya, mwanzoni nilikuwa natazama dari. Nimelelewa Kimethodisti, na mama yangu angeniona pale angenivuta sikio. Lakini mhudumu haulizwi maoni, na jinsi wanandoa walivyozidi kupita mbele yangu ndivyo nilivyoacha dari na kuanza kuwatazama waliovaa mshipi wa rangi tatu, yaani wale wanaofungisha.

Tulikuwa na mmoja, simtaji jina. Miaka ya mwanzo kila ndoa ya namna hiyo ikipangwa, anashikwa na homa. Homa ya Jumamosi tu, Jumatatu ni mzima na anakunywa kahawa. Baadaye hewa ya mtaani ikabadilika, ikaonekana wapiga kura wengi wanazipenda ndoa hizo, na homa ikapona. Akaanza kuzigombania, anakuja na mpiga picha wake. Siku moja aliingia mbio, akawashika mikono wanaume wawili waliosimama mbele, akawasogeza penye mwanga mzuri, akaanza kuhutubia juu ya mapenzi yao. Mmoja alikuwa bwana harusi kweli. Mwingine alikuwa mdogo wake, aliyeshika pete. Armand alikuwa amenikataza kucheka ukumbini, basi nilikwenda kuchekea chooni.

Na tulikuwa na mzee mmoja Mkatoliki ambaye alimwendea meya waziwazi, akamwambia dhamiri yake haimruhusu kufungisha ndoa hizo, basi asipewe kazi hiyo kabisa. Alijua itamgharimu, na ilimgharimu cheo. Mimi baadaye mawazo yangu yalikwenda njia nyingine na yake. Lakini mzee huyo akikutana na wanandoa wale koridoni aliwavulia kofia, na alilosema asubuhi ndilo alilosema jioni. Yule wa picha, hadi anastaafu, sikujua anaamini nini. Nadhani naye hakujua.

Baada ya hao akaja Maman Béatrice, na habari yake ndiyo nilitaka kuwapa tangu mwanzo. Mzaliwa wa Likasi, nesi wa miaka mingi, mwimbaji wa kwaya, mtu wetu wa kwanza kuwa échevin pale kwetu. Échevin ni msaidizi wa meya, na yeye alipewa mambo ya vizazi na ndoa. Kura zake zilitoka makanisani, hasa kwa Maman Furaha, mama wa Bukavu anayeongoza wamama wa kanisa moja la uamsho. Wengi wao wanakaa commune yetu na wanasali katika ghala la zamani huku Anderlecht. Maman Furaha akisema tumpigie huyu, wamama wanampigia huyo, na waume zao pia.

Watu walimpenda Maman Béatrice kwa jambo moja. Akimaliza kusoma sheria kwa Kifaransa, na wanandoa wakiwa wa kwetu, anavua miwani na kuwapa maneno machache kwa Kiswahili. Wazee walikuwa wakiyangoja maneno hayo kuliko pete. Nimeona mzee aliyelala harusi nzima akiamka pale miwani inapovuliwa.

Lakini juu ya ndoa za jinsia moja aliuma na kupuliza. Kwenye chama alisema anaziunga mkono. Kanisani, mchungaji alipomuuliza mbele ya watu, alijibu kwamba yeye ni mama wa wote na Mungu ndiye mwamuzi, wamama wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Ndoa zenyewe zikija, anamwachia mwenzake, échevin wa barabara. Aliyepanga zamu hizo alikuwa mshauri wake, Thibault, kijana wa Kibelgiji asiyeachana na kompyuta yake. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu, nyumba kwa nyumba, nani atapiga kura vipi, na akiwa na wewe unaona kabisa anakuhesabu.

Mpango huo uliharibiwa na Nadine. Nadine alikuja Ubelgiji akiwa mtoto, mkimbizi kutoka Bukavu, mama yake mzazi ameshakufa. Kwenye kituo cha wakimbizi nesi aliyemtibu na kumsemesha Kiswahili alikuwa Maman Béatrice, kabla ya siasa. Sasa Nadine ni mtu mzima, anatunza wazee katika nyumba moja ya Etterbeek, na anataka kuolewa na Liesbeth, mwalimu. Hakutaka kufungishwa na mtu mwingine. Alisema hana mama wa kumsemesha siku hiyo, basi anataka yale maneno ya Kiswahili kutoka kwa yule aliyemsemesha alipokuwa mdogo. Maman Béatrice alikubali, kwa sababu alimpenda mtoto huyo, na nadhani alikubali kabla Thibault hajasikia.

Mara ya kwanza siku ilipofika, Maman Béatrice akawa mgonjwa. Mara ya pili kukawa na mkutano wa ghafla. Mara zote mbili échevin wa barabara alikuwa tayari kuwafungisha, na mara zote mbili Nadine alishukuru kwa adabu, akakataa, akarudi nyumbani na maua yake. Ile ya pili nilimbebea maua hadi kituo cha tramu. Hakulia. Aliniambia atangoja, nami nilimwonea huruma.

Uchaguzi ulikuwa karibu. Thibault akatafuta njia: Jumamosi, saa tano asubuhi, saa ambayo ukumbi huwa mtupu. Wageni wachache wa upande wa Liesbeth, hakuna tangazo, hakuna atakayeona. Maman Béatrice atatimiza ahadi na kura zitabaki mahali pake. Hata mimi nilifurahi, nikaona sasa msichana huyu ataolewa.

Saa sita siku hiyohiyo ilikuwa harusi ya mtoto wa mchungaji wa kanisa la Maman Furaha. Nami, kama kawaida yangu, nilikuwa nimewaambia saa tano. Nilichokuwa sijui ni kwamba wamekodi basi, na basi lina dereva Mflemi. Dereva huyo alipewa saa, na aliondoka kwa saa. Nilisikia baadaye kwamba mjomba mmoja aliachwa kando ya barabara ameshika sahani ya mikate. Saa tano kasoro robo nilisikia breki mbele ya commune. Kuchungulia, wamama wanashuka, pagne moja wote, kitenge cha kijani na njano, Maman Furaha mbele. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Walipanda ngazi, wakakuta mlango uko wazi, wakaingia, wakakaa.

Nilimfuata Maman Furaha, nikamweleza kwa upole kwamba wamewahi mno, kuna ndoa nyingine kwanza, labda wangesubiri mahali pengine. Alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Papa Kalenga, ulituambia onze heures. Ni onze heures. Na inje kuko mvula."

Saa tano niliwatajia mwenyewe, ningefanya nini? Mlango haufungwi, mtu hafukuzwi. Safu ya mbele Nadine alikuwa ameshakaa na Liesbeth, wamevaa nguo nyeupe za kawaida, na kanisa zima limejaa nyuma yao kijani na njano. Nadine aligeuka, akaona, akanitazama. Nilijua anawaza tramu ya kurudi nyumbani.

Katika chumba kidogo cha nyuma Thibault alikuwa amegeuka rangi. Alitaka kwenda juu kumwita échevin wa barabara, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ofisini kwake. Maman Béatrice alikataa. Alisema kumkimbia Nadine mara ya tatu hawezi. Basi Thibault, ambaye kichwa chake hakikosi njia, akaleta nyingine: afungishe, lakini kwa Kifaransa tu, haraka na kwa baridi, asome vifungu kama anayesoma hati ya nyumba. Yale maneno aache. Wamama wakilalamika, atajibu kwamba sheria ni sheria na yeye ni mtumishi tu. Nikasema moyoni, huyu kijana atakuwa waziri.

Mshipi nafunga mimi, kwa nyuma, ndiyo kazi yetu. Nikiwa nafunga nilihisi anavyopumua juu juu. Aliniuliza kama Nadine yuko, nikamwambia yuko. Akasema sawa, Kifaransa tu.

Akaingia. Akasoma. Wajibu wa kuishi pamoja, wa uaminifu, wa kusaidiana. Sauti ilikuwa ile ya kwenye spika za kituo cha treni. Aliuliza, Nadine akajibu ndiyo, akauliza, Liesbeth akajibu ndiyo. Pete, saini, kitabu cha ndoa kikakabidhiwa. Kisheria yote yalikuwa yamekwisha na wamama hawakuwa wamefungua mdomo. Nusu yao, nadhani, walikuwa bado wanatafuta bwana harusi yuko wapi. Thibault alianza kufunga kompyuta yake.

Nadine hakuondoka. Alisimama palepale na kitabu chake mkononi, akasema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ule unasikika hadi nyuma:

"Maman, na yale maneno?"

Kila mtu wa kwetu mle ndani alijua maneno gani. Maman Furaha alinyoosha shingo. Thibault hajui Kiswahili, lakini alielewa, akatikisa kichwa taratibu: hapana. Maman Béatrice alimtazama yeye, akawatazama wamama, akamtazama Nadine. Mimi nilikuwa nimeshika leso za karatasi, nimezikunja zote zikawa donge.

Akavua miwani.

"Nadine, mutoto wangu. Mara mbili nilikukimbia. Sikukuwa mugonjwa, na réunion haikukuwa. Niliogopa hawa bamama bako nyuma yako, juu banaweza kuninyima kura. Donc nikasema nitakufungisha ndoa mu kificho. Bon. Mungu akabaleta na bisi."

Kuna mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Sauti ya Maman Béatrice ilikuwa imerudi kuwa yake.

"Kama ni mubaya, siwezi kuifanya ata mu kificho. Na kama haiko mubaya, niko najificha juu ya nini? Alors musikilize, ninyi babili. Leo munakuwa nyumba moja. Mukigombana, mugombane mulango ikiwa ya kufunga. Mwenzako akigonjwa, ubakie karibu na kitanda yake. Nilikuwa infirmière, niliona benye banabakia. Bale ndio balioana."

Ni maneno yaleyale aliyokuwa akimpa kila mtu. Hakupunguza hata moja. Nadine alilia kwa kelele, kama mtoto, na Liesbeth, ambaye hakuelewa kitu, akalia kwa sababu Nadine analia. Baba yake Liesbeth aliniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia anawashauri majirani wasisikie ugomvi wao, akakubali kwamba ni ushauri mzuri. Mimi nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu breki za basi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi hadi nikasahau kuwaita watu wa mapovu.

Wamama hawakupiga vigelegele, msidhani. Watatu au wanne walitoka wakasimama mvuani. Waliobaki walikaa na mikoba mapajani. Saa sita ikafika, mtoto wa mchungaji akasimama na mchumba wake, na Maman Béatrice akasoma vifungu vilevile, akavua miwani, akatoa maneno yaleyale, mlango wa kufunga, kitanda, yote. Nilimwona Maman Furaha akifuatisha kwa midomo, maana siku hiyo alikuwa akiyasikia mara ya pili.

Mtaniuliza uchaguzi ulikwendaje. Kura zilimpungua. Alibaki diwani, na kiti cha échevin kilikwenda kwa mwingine. Thibault alipata kazi kwa mtu mkubwa zaidi. Nilikutana na Maman Béatrice miezi kadhaa baadaye sokoni, amenenepa kidogo, anabishana juu ya bei ya pondu, yaani kisamvu. Aliniambia siku hizi analala usiku kucha, na kwamba mambo mawili kinywani yalikuwa yanamchosha kuliko zamu za hospitali. Nadine humpitia kila Jumapili baada ya ibada.

Lakini niwarudishe ngazini, siku ile, baada ya harusi ya pili. Mvua ilikuwa imepungua. Basi linanguruma, dereva ananyoosha kidole kwenye saa yake. Maman Béatrice alisimama mlangoni karibu nami, mshipi ameushika mkononi, akiwangoja wamama wapite. Walipita mmoja mmoja, wengi bila kumpa mkono. Maman Furaha akabaki wa mwisho. Akasimama mbele yake.

"Mimi ile jambo siikubali," alisema. "Sikuikubali jana na kesho sitaikubali. Lakini miaka yote hii tulikuwa tunajiuliza: huyu maman anatupenda, ao anatuogopa? Leo umetujibu."

Maman Béatrice alisema pole, alisema nisamehe. Maman Furaha alimkatiza kwa mkono, akashuka ngazi mbili, kisha akageuka.

"Basi inaondoka. Utakuya kula na sisi, ao ungali unatuogopa?"

Maman Béatrice alinitupia mshipi, akazishuka ngazi mbio, na mle basini Maman Furaha akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha mbele ili mwenzake apate mahali pa kukaa.